Na Wanawe

Fomu inauliza: Magari mangapi?
Naandika tisa. Nafuta.
Nje uani, hapa Tabata Dampo,
fundi Chilewa anagonga rimu kwa nyundo,
na kila pigo linanisahihisha: nane. Nane. Nane.
La tisa tuliliacha Kitonga, kwenye kona,
na tani ishirini na nane za mbolea
na jina lake mkiani kwa rangi nyekundu: SUBIRA.
Mabati tuliyauza kwa kilo.
Leseni yake ni hai mpaka tarehe thelathini.
Gari limekufa, karatasi inapumua.

Madereva?
Mshamu yupo. Ambokile yupo,
yupo Tunduma, siku ya tatu kwenye foleni.
Ujumbe wake wa sauti una jogoo nyuma yake:
"Dada, leseni ya hili gari inaisha Ijumaa.
Nikishuka nayo hivi, pale mizani ya Vigwaza
wananilaza."
Ijumaa ni kesho.

Nani alisema kazi ya malori ni injini?
Injini ikiumwa inakohoa.
Karatasi haikohoi.
Inakaa jaladani, imenyooka, imetulia kama bwana harusi,
na siku yake ikifika inakuangusha porini
na mzigo wa watu, na faini,
na dereva anayekula mihogo ya kukopa.

Baba alilijua hilo. Kalenda ya benki ukutani,
bima kwa bluu, ukaguzi kwa kijani, leseni kwa nyekundu;
kufika Desemba ukuta ulikuwa umevaa kanga.
Tela na kichwa chake, alisema, ni matairi ishirini na mawili.
La ishirini na tatu ni muhuri.

Anwani?
Buguruni, inasema. Buguruni tulihama
siku nyumba ilipochorwa X.
Naandika: Tabata, nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Mmiliki?

Hapo kishale kinapepesa kwenye kisanduku
kama hazadi za gari lililoharibika usiku.
A. K. Mwakatumbula na Wanawe.
Miezi kumi na minne baba yuko makaburini Kinondoni
na Mamlaka bado inamtakia heri ya mwaka mpya.
Wiki iliyopita kijana wa dirishani aliniuliza,
"Hao wanawe wako wapi?"
Nikamwambia, ndio huyu.
Wingi ni wa mchora mabango,
alikuwa na nafasi ubavuni mwa lori, na matumaini.

Simu ya baba, ile ya kitochi, iko kwenye droo yangu.
Kila mwezi naiwekea vocha ya jero
laini isifungwe,
maana nikigusa mfumo, tarakimu sita za uthibitisho
zinakwenda kwake kwanza.
Miezi kumi na minne namwomba marehemu ruhusa
na hajanikatalia hata mara moja.

Leo nimeandika namba yangu. Nimebonyeza.
Mfumo ukazunguka, ukazunguka, ukakwama.
Umeme ukakatika. Chilewa akavuta kamba ya jenereta
mara nne, akitukana kwa Kigogo.
Nikaanza upya: magari nane, madereva saba, Tabata.

Ndipo droo ikatetemeka.

"Umeomba kubadilisha namba ya mmiliki.
Kama si wewe, puuza ujumbe huu."
Si yeye.
Lakini hakupuuza.

Nikanakili tarakimu, moja moja, kwa kidole.
Skrini ikasema: Taarifa zimehuishwa.
Kuisha, kuhuisha.
Pumzi moja tu katikati, na shilingi,
na namba ya malipo inayokufa saa sita usiku.

Nikalipa. Nikachapa. Nikaifunga bahasha kwa gundi ya matairi,
kondakta wa basi la alfajiri ataipokea stendi ya Mbezi.
Mmiliki: Tusekile Mwakatumbula.
Ambokile akajibu kwa neno moja: "Bosi."
Sikujua kama ananitania.

Simu ya kitochi nimeirudisha drooni, ikiwa imewashwa.
Vocha ya mwezi huu nilikuwa nimeshaweka.